Mota ya Umeme: Kwa Nini Huzunguka, na Kwa Nini Huungua

Msafiri asimamaye katika stesheni ya Voi, ile ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, akatazama gari refu la mizigo likianza mwendo kuelekea Nairobi, atasikia mngurumo wa injini ya dizeli na kuona moshi ukitoka juu ya kichwa cha gari. Bila shaka atasema moyoni mwake kwamba ni dizeli hiyo izungushayo magurudumu. Lakini sivyo. Injini ile haikuungwa na magurudumu kwa giya wala kwa mnyororo. Kazi yake ni kuzungusha jenereta tu. Jenereta hufanya umeme. Na umeme huo hupita katika nyaya nene hadi kwenye mota sita zilizofungwa chini ya kichwa, moja kwa kila ekseli. Mota hizo ndizo zivutazo mabehewa yote.

Msafiri huyo akiiacha stesheni, akashika njia ya Mwatate, kisha akapanda zile kona za mlimani mpaka Wundanyi, ataikuta mota tena. Itakuwa ndogo, pengine imefungwa juu ya sakafu ya saruji ndani ya kibanda cha mabati, nayo huzungusha kinu cha kusagia mahindi. Zamani kazi hiyo ilifanywa na injini za dizeli zilizosikika ng'ambo ya bonde. Lakini kila mahali palipofika nguzo za umeme, watu wengi wamechagua mota, kwa sababu haina mafuta ya kununua kila asubuhi wala haihitaji kuchochewa.

Mwenye kinu cha namna hiyo anaijua furaha ya mota, na tena anaijua huzuni yake. Siku moja mahindi yaliyo mabichi yamiminwa kwa wingi, kinu kinakwama, mota inatoa sauti kama ya nyuki bila kuzunguka, na kabla mtu hajafika kwenye swichi, harufu ya vanishi iliyoungua imekwisha jaa kibandani. Kuisuka upya mota hiyo kwa nyaya mpya ni gharama kubwa, na kina mama waliokuja na mahindi yao hurudi nyumbani bila unga. Wengine husema mota ilikuwa mbovu tangu dukani. Wengine husema umeme ulikuja kwa nguvu kupita kiasi. Huenda ikawa hivyo mara moja moja, lakini mara nyingi sababu ni nyingine, nayo haiwezi kufahamika mpaka mtu ajue kwanza ni kitu gani kinachoizungusha mota. Basi na tuanzie hapo.

Kila mtu amepata kuona sumaku ikivuta msumari. Nguvu hiyo haikai ndani ya sumaku peke yake. Imeenea mahali pote palipo karibu nayo, ijapokuwa jicho haliioni. Mahali hapo pote inapofika nguvu ya sumaku huitwa uwanja wa sumaku. Ukitaka kuuona, weka karatasi juu ya sumaku, unyunyizie unga wa chuma kutoka katika karakana ya fundi wa tupa, kisha uigonge karatasi polepole kwa kidole. Unga utajipanga wenyewe katika mistari iliyopinda, kutoka ncha moja ya sumaku hadi ncha ya pili.

Kwa muda wa karne nyingi watu waliijua sumaku, na mabaharia waliitumia katika dira. Tena waliujua umeme, walau ule wa radi. Lakini hakuna aliyethibitisha kwamba vitu hivyo viwili ni jamaa. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 1820, katika mji wa Copenhagen nchini Denmark. Mwalimu mmoja jina lake Hans Christian Ørsted alikuwa akifundisha, na juu ya meza yake palikuwa na dira karibu na waya uliounganishwa na betri. Umeme ulipopita katika waya, sindano ya dira iligeuka. Umeme ulipokatwa, sindano ilirudi mahali pake. Waya wa shaba hauvuti chuma hata kidogo. Lakini mara upitishwapo mkondo wa umeme, waya wenyewe huzungukwa na uwanja wa sumaku.

Mwalimu ye yote mwenye dira ndogo, betri ya tochi na kipande cha waya aweza kuwaonyesha watoto jambo hili darasani kwa dakika moja. Jihadhari tu usiuache waya umeungana na betri kwa muda mrefu, maana utapata moto na betri itakwisha. Ukiupitisha waya juu ya dira, sindano itageuka upande mmoja. Ukiupitisha chini yake, itageuka upande wa pili. Hii ni kwa sababu uwanja wa sumaku wa waya hauelekei mbele wala nyuma, bali huuzunguka waya kama pete zinavyouzunguka mkono. Na ukiuviringa waya mara nyingi juu ya msumari mnene, pete hizo hujumlishwa pamoja, na msumari huwa sumaku yenye nguvu, tena sumaku iwezayo kuwashwa na kuzimwa.

Sasa fikiri neno moja. Ikiwa waya wenye umeme waweza kuisukuma sumaku ya dira, je, sumaku nayo haiwezi kuusukuma waya? Mtu akisukuma ukuta, ukuta nao humsukuma yeye. Aliyelionyesha jambo hili kwa kitu kilichozunguka bila kukoma ni Michael Faraday wa London, mwezi wa Septemba mwaka 1821. Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi. Hakusoma chuo kikuu, bali alijifunza kazi ya kujalidi vitabu, na mengi aliyoyajua aliyasoma katika vitabu alivyoletewa avijalidi. Alitia zebaki katika kikombe, akasimamisha sumaku ndani yake, akaning'iniza waya ambao ncha yake iligusa zebaki. Alipopitisha umeme, waya ulianza kuizunguka sumaku. Chombo hicho hakikuweza kusaga hata punje moja ya mtama, lakini mota zote za leo ni wajukuu zake.

Upande ambao waya husukumwa waweza kujulikana kwa vidole vya mkono wa kushoto. Nyosha kidole cha shahada mbele, kidole cha kati ukielekeze upande wa kuume, na kidole gumba ukisimamishe juu, vyote vitatu vikiwa kama pembe za sanduku zinazokutana. Kidole cha shahada kikionyesha uwanja wa sumaku utokako ncha ya kaskazini kwenda ncha ya kusini, na kidole cha kati kikionyesha mkondo wa umeme utokako upande wa chanya wa betri, basi gumba litaonyesha waya unakosukumwa. Yafaa kuangalia kwamba msukumo huo hauelekei kwenye sumaku wala hauikimbii sumaku. Huenda kando, na kwa sababu hiyo waweza kuzungusha kitu.

Kunja waya uwe kama fremu ya dirisha, uutie katikati ya ncha mbili za sumaku. Katika upande mmoja wa fremu umeme unakwenda, na katika upande wa pili unarudi. Basi upande mmoja husukumwa juu na wa pili husukumwa chini, na fremu hugeuka. Lakini hapa pana shida. Fremu ikiisha kugeuka nusu ya mzunguko, ule upande uliokuwa kulia sasa umekuwa kushoto, nao bado unasukumwa juu kama kwanza. Fremu itarudishwa nyuma, itayumba kidogo kama pendulamu, kisha itasimama. Ili iendelee kuzunguka, lazima umeme ugeuzwe njia kila nusu ya mzunguko, wakati ule ule hasa unaotakiwa.

Wahunzi wa umeme walilitatua jambo hili kwa namna iliyo rahisi sana. Ncha za waya hufungwa katika pete ya shaba iliyokatwa vipande viwili, nayo huzunguka pamoja na fremu. Umeme huingia na kutoka kwa njia ya brashi mbili za kaboni zigusazo pete hiyo. Fremu igeukapo nusu, kila brashi huacha kipande kimoja na kugusa cha pili, na umeme hubadili njia bila mtu kuugeuza. Ndiyo maana mota ndogo za namna hii, kama zile za mashine ya kutobolea mbao, hutoa cheche ndogo ndani, na ndiyo maana brashi zake huisha na hupaswa kubadilishwa.

Kijana apendaye kujaribu kwa mikono yake aweza kutengeneza mota ya namna hii mezani. Atafute waya wa shaba wenye vanishi kwa fundi wa kusuka mota, auviringe mara 10 hivi juu ya betri nene ya tochi ili upate umbo la pete, na kuacha ncha mbili zilizonyooka, moja kila upande. Betri ailaze, na katika kila ncha yake afunge kwa mpira pini moja ya kufungia nguo, ili matundu ya pini yawe nguzo za kushikilia zile ncha za waya. Juu ya betri, chini ya pete, aweke sumaku iliyotolewa katika spika ya redio mbovu. Ncha moja ya waya aikwangue vanishi yote. Ncha ya pili aikwangue upande mmoja tu. Siri yote iko katika kukwangua huko nusu: pete inapofika mahali ambapo ingerudishwa nyuma, vanishi huukata umeme, na pete hupita kwa kasi iliyokwisha kuipata. Akiigusa kwa kidole kidogo, itaanza kuzunguka.

Mota ya kinu cha posho imetengenezwa kwa njia nyingine. Katika nyingi za mota hizo hakuna sumaku ya kudumu, wala brashi, wala pete ya shaba iliyokatwa. Na sehemu izungukayo haikuungwa na waya wo wote uletao umeme kutoka nje. Fundi aifunguaye kwa mara ya kwanza hustaajabu.

Umeme unaoletwa Taita kwa nguzo, uwe umetoka katika mabwawa ya Mto Tana au katika mvuke wa Olkaria, huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kwa kila sekunde. Kwa mitambo mikubwa huletwa kwa nyaya tatu, nao huitwa umeme wa fezi tatu. Mikondo katika nyaya hizo tatu haipandi pamoja. Kila mmoja hupanda baada ya mwenzake. Wakumbuke wanawake watatu watwangao katika kinu kimoja: mchi wa kwanza ukiwa chini, wa pili unashuka, na wa tatu ungali juu, hawagongani, na kinu hakipumziki. Nyaya za mota zimepangwa kwa mviringo katika ganda lake, mafungu matatu, na kila fungu huwa sumaku kwa zamu yake. Kwa hiyo nguvu ya sumaku huzunguka ndani ya ganda, ijapokuwa ganda lenyewe na nyaya zake zimetulia kabisa. Ukibadilishana nyaya mbili zo zote kati ya tatu, zamu hugeuka, na mota huzunguka kinyume.

Sehemu izungukayo ina vijiti vya shaba au vya aluminiamu vilivyoungwa pamoja kwenye ncha zake, kama tundu la ndege. Faraday yule yule alivumbua mwaka 1831 kwamba uwanja wa sumaku ukiupita waya, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Basi uwanja unaozunguka hupita katika vijiti, umeme huzaliwa ndani yake, na vijiti vyenye umeme vikiwa ndani ya uwanja wa sumaku husukumwa kama waya wo wote. Tundu zima huukimbilia uwanja unaozunguka, lakini halilifikii kamwe lile linalolikimbilia. Katika mota nyingi uwanja huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na shafti huzunguka mara 1,440 hivi. Kama shafti ingeufikia uwanja, vijiti visingepitiwa na kitu, umeme usingezaliwa, na msukumo ungekwisha. Galileo Ferraris wa Italia na Nikola Tesla, aliyehamia Marekani, walilitangaza jambo hili kila mmoja kwa njia yake mwaka 1888. Nasi twaona ni vigumu kutaja chombo kingine kilichopunguza jasho la watu zaidi ya hicho.

Sasa twaweza kurudi kwa ile mota iliyoungua.

Mota inayozunguka ni jenereta pia, maana nyaya zake zinapita ndani ya uwanja wa sumaku. Umeme unaozaliwa humo hushindana na ule uletwao kutoka nje, nao huuzuia usiingie kwa wingi. Tuchukue kwa mfano mota ya brashi iliyoungwa na umeme wa volti 240, ambayo nyaya zake zina ukinzani wa omu 1 tu. Ikizunguka kwa kasi yake, yenyewe huzaa, tuseme, volti 230 za kushindana. Zinabaki volti 10, na mkondo uingiao ni ampea 10. Ikizuiwa isizunguke, haizai kitu. Volti zote 240 zinabaki, na mkondo ni ampea 240. Moto uzaliwao katika nyaya haupandi sawasawa na mkondo, bali hupanda kwa mkondo mara mkondo. Mkondo ukiwa mara 24, moto ni mara 576. Hakuna vanishi iwezayo kustahimili hayo.

Katika mota ya kinu mambo hayafiki huko, lakini sheria ni ile ile. Shafti ikikwama, uwanja huvipita vijiti kwa kasi yake yote, na mkondo huwa mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Mkondo mara sita ni moto mara 36, na tena pangaboi la kupoza mota limesimama pamoja na shafti. Kwa hiyo sauti ile ya nyuki bila mzunguko si dalili kwamba mota "inajaribu". Inaungua. Swichi izimwe papo hapo, ndipo watu watafute kilichokwama.

Kukwama siyo njia pekee. Waya mmoja wa fezi ukikatika, au fyuzi moja ikiyeyuka, ni kama mwanamke mmoja ameacha kutwanga: uwanja hauzunguki tena ipasavyo. Mota iliyosimama haitaanza. Na ile iliyokuwa ikizunguka huenda ikaendelea, lakini nyaya zilizobaki hubeba mzigo wa wote, zikaungua polepole huku mwenyewe akidhani yote ni salama. Jioni watu wengi wawashapo taa na majiko, volti hupungua mwishoni mwa laini. Volti zikipungua kwa kumi katika mia, nguvu ya mota ya kuzungusha hupungua kwa karibu ishirini katika mia, nayo huvuta mkondo zaidi ili kuubeba mzigo ule ule. Saa hizo mahindi yamiminwe kidogo kidogo.

Swichi ya kinga, iwekwayo sawasawa na ampea zilizoandikwa katika kibati cha mota, hukata umeme kabla nyaya hazijaharibika. Inatuhuzunisha kusikia habari za watu waikazao mpaka mwisho kwa sababu "inakatakata", au waondoao fyuzi wakatia waya mnene mahali pake. Inakatakata kwa kuwa mota inaumia. Unga uliogandamana juu ya ganda la mota nao hupanguswe, maana hulifunika kama blanketi, na kinu kiwe kitupu kila mara kinapowashwa.

Msomaji mwenye akili atauliza: ikiwa mota iliyozuiwa huungua, gari la moshi je? Mota zake husimama katika stesheni zikiwa zimefungwa kwa mzigo wa maelfu ya tani, kisha zatakiwa kuuondoa. Hapa ndipo ubaya ugeukapo kuwa uzuri. Mota iliyosimama huvuta mkondo mwingi, na mkondo mwingi ni msukumo mwingi. Injini ya dizeli ni kinyume chake: ikisimama haina nguvu kabisa, inazimika, lazima izunguke kwanza ndipo ifanye kazi, na klachi ya kuiunganisha na mzigo kama huo ingeungua yenyewe. Kwa sababu hiyo wahandisi huiacha dizeli izunguke kwa kasi iipendayo, na mota huanza kazi zikiwa zimesimama. Dereva haruhusu umeme wote uingie. Huufungua hatua kwa hatua, na vipimo vilivyo mbele yake humwonyesha mkondo. Mapangaboi makubwa hupuliza hewa ndani ya mota hata gari likiwa linatambaa. Hata hivyo gari zito haliwezi kuachwa litambae mlimani kwa mwendo wa mtu wa miguu saa nzima.

Mpango huu haukuanza na reli mpya. Katika reli ya zamani, iliyojengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, vichwa vikubwa vya mvuke vya Garratt vilivyopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki vilipita Voi katika miaka ya 1950. Na kuanzia mwaka 1960 vikaja vichwa vya dizeli vya English Electric, ambavyo magurudumu yake yalizungushwa na mota.

Safari ya kuteremka nayo ina ajabu yake. Voi iko zaidi ya mita 500 juu ya bahari, na gari zito linaloshuka kwenda Mombasa lingechakaza breki zake kama zingetumiwa peke yake. Basi dereva hukata umeme wa jenereta usiende kwenye mota, na kuziacha mota zizungushwe na magurudumu. Sasa mota zimekuwa jenereta. Umeme unaozaliwa hupelekwa katika vyuma vya ukinzani vilivyo ndani ya kichwa, na kule kushindana kwa sumaku na nyaya hulishika gari lisikimbie. Nguvu ya mwendo wa mabehewa yanayoshuka hugeuka kuwa joto, nalo hupulizwa nje na mapangaboi, likaishia hewani juu ya nyika ya Maungu na Mackinnon Road.